Waliokuja Kufuata Majibu

Ilikuwa Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana. Bi Sahani alikuwa ameinama mezani akiandika namba kwenye visahani vya plastiki, vile vya duara vyenye mfuniko, ambavyo ndivyo vilivyompa jina hilo hospitali nzima. Alikuwa amefika namba kumi na tisa kati ya ishirini na nne. Dereva wa lori aliyefariki wiki tatu nyuma akabisha hodi.

“Karibu, kaa hapo kwenye benchi,” alisema bila kuinua kichwa, maana akikatishwa huwa anazirudia namba.

Dereva aliingia akichechemea, akakaa. Alingoja mpaka ya ishirini na nne ikaandikwa. Ndipo akasalimia, akauliza habari za kazi, akasema amekuja kufuata majibu yake.

Bi Sahani alimkumbuka vizuri. Kitanda cha kumi na moja, wodi namba nne, kidonda cha paja. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda wodini kuchukua usaha wake kwa kijiti cha pamba, na yeye ndiye aliyemwambia kwamba majibu yakitoka ataitwa. Hakuitwa. Alivuta daftari, akapitisha kidole kwenye mistari.

“Yametoka,” alisema. “Yalitoka siku moja baada ya mazishi yako.”

“Nilikuwa nimeshaondoka.”

“Ndiyo.”

“Sasa yanasemaje?”

“Yanasema umepata mlaji.”

Dereva alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa na bandeji ileile ya siku ya mwisho, na chini ya bandeji kidonda kilikuwa bado kinatoa usaha. Bakteria hawakuwa wameambiwa kwamba mwenyewe amekufa.

Maabara ile ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia, na kazi yake ilikuwa moja. Bakteria wa vidonda walikuwa wameshazizoea dawa zote za stoo ya hospitali. Vidonge, sindano, dripu, zote waliziona maji. Lakini kila bakteria, hata awe jeuri namna gani, ana kirusi chake, kidogo mno, kinachomla yeye tu na kumwacha binadamu bila kumgusa. Vitabuni virusi hivyo huitwa bakteriofaji. Bi Sahani aliviita walaji, na wengine wote wakafuata. Walaji hupatikana penye uchafu. Kwa hiyo kila asubuhi alivaa glavu zinazofika kwenye viwiko, akaenda kwenye mtaro wa majitaka, akateka chupa moja, akayachuja maji mpaka yakawa maangavu, akayachanganya na bakteria wa mgonjwa kwenye kisahani, akakiingiza kwenye kabati la joto. Siku ya pili, kama bahati ipo, utando wa bakteria unakuwa na vitundu vya duara, visafi kama kioo kilichofutwa sasa hivi. Hapo walaji wamekula wakashiba.

Kuwatafuta walaji Bi Sahani alijua. Kilichomshinda miaka mitatu ni kuwatumia. Hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kupewa walaji mpaka kamati ya maadili ya hospitali ikae na kuidhinisha. Kamati ilikuwa na wajumbe tisa, na kikao hakiwi halali bila watu watano. Wawili walikuwa wamestaafu, mmoja alihamishwa, mmoja alikwenda masomoni akanogewa huko, na Profesa alikufa. Walibaki wanne. Kila walipokaa waliandika kwamba akidi haikutimia, wakapanga tarehe nyingine. Barua ya kuteua wajumbe wapya ilikuwa wizarani, inashughulikiwa.

“Basi nitibiwe,” alisema dereva.

Bi Sahani alimpigia simu mwanasheria wa hospitali. Mwanasheria alikuja mwenyewe, akampa dereva mkono, akafungua kitabu cha mwongozo, akasoma kwa sauti. Kifungu cha nne kilisema kwamba tiba isiyoidhinishwa haitatolewa kwa mgonjwa yeyote aliye hai.

“Wewe uko hai?” aliuliza.

“Hapana,” alisema dereva.

“Basi kifungu hakikuhusu.”

Barua ya kutokuwa na pingamizi ililetwa kabla ya saa za kazi kwisha, imepigwa mhuri mara mbili. Ndiyo barua iliyowahi kutoka haraka kuliko zote katika hospitali ile. Bi Sahani alifungua friji, akatoa kichupa cha dereva, akadondosha matone ishirini kwenye kidonda, akafunga bandeji mpya. Dereva alikuja tena Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Siku ya nne kidonda kilikuwa kimeziba. Alisimama, akapiga mguu chini mara tatu kwenye sakafu ya saruji, akasema mke wake angefurahi kuuona, akaaga, akatokea mlango wa kufulia. Hakufufuka. Alibaki marehemu, ila marehemu asiye na kidonda.

Jumatatu iliyofuata walikuja wawili. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa kumi na mmoja. Walikuja saa nane mchana, wametulia, kila mmoja na kile kilichomuua. Karani wa mapokezi aliwaandalia kadi za rangi ya kijivu ili wasichanganywe na wengine. Mfagiaji alileta benchi la pili, akalalamika kwamba wageni hawa hawakung’uti miguu na yeye ndiye anayezoa udongo. Hakuna aliyelalamika zaidi ya hapo. Katika taarifa ya nusu mwaka, mkurugenzi aliandika kwamba asilimia mia moja ya waliopewa walaji wamepona. Ilikuwa kweli tupu. Wageni wenye tai walikuja kupiga picha na benchi.

Vitanda vya wodi namba nne navyo vilikuwa vimejaa watu walio hai, ambao kifungu cha nne kiliwahusu. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Bi Sahani.

Alikuwa fundi rangi. Mwezi wa pili alikuwa akipaka ukuta wa nje wa ghorofa ya pili, mbao za jukwaa zikaachia, akaanguka. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti. Walimtia chuma, na chuma kikaingia na bakteria. Tangu hapo mguu ulikuwa na tundu dogo lisilokubali kufunga. Kila siku lilitoa usaha wa rangi ambayo yeye, kwa ufundi wake, aliitafutia jina.

“Leo ni krimu ya dari,” alimwambia dada yake. “Jana ilikuwa imeelekea kijani kidogo, ile ya vyoo vya shule.”

“Nyamaza ule.”

“Nakula huku nasema.”

Bi Sahani alitafuta mlaji wake kwa siku tisa. Alijaribu mtaro wa jikoni, mtaro wa wodi ya wazazi, shimo la nyuma ya chumba cha upasuaji. Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu alifungua kabati la joto, akainua kisahani chenye maji ya mtaro wa kufulia, mita thelathini kutoka kwenye kiti chake. Hakukuwa na vitundu. Utando wote ulikuwa umeliwa. Alikigeuza kisahani kwenye mwanga wa dirisha, akaona vidole vyake mwenyewe upande wa pili. Kwa miaka yote ya kazi hakuwa amewahi kuona mlaji mwenye njaa kama yule. Alikaa chini kidogo. Kisha akaandika namba ya mdogo wake kwenye kichupa, akakiweka kwenye friji, akaenda kumwona mwenyekiti wa kamati.

“Kikao kipo mwezi ujao,” alisema mwenyekiti.

“Mtakuwa wangapi?”

“Wanne, nadhani. Lakini lazima tukae. Tusipokaa itaonekana hatufanyi kazi.”

Alikwenda mwezi wa tatu, akaenda mwezi wa nne. Alipigwa danadana kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kote alipokelewa kwa heshima, akapewa kiti, akaambiwa wote wanaguswa sana na suala hilo.

Katikati ya mwezi wa tano, kwenye foleni ya mchana, alitokea Profesa. Alikuwa amekufa mwaka uliopita kwa kidonda cha mgongo alichokipata kwa kulala muda mrefu baada ya kiharusi. Alikaa mwishoni mwa benchi la pili na kadi yake ya kijivu, ingawa wenzake walimpisha mbele. Bi Sahani alimfunga bandeji, akapiga moyo konde.

“Profesa, bado wewe ni mjumbe wa kamati?”

Profesa alifikiri. “Sikumbuki kujiuzulu.”

“Ukikaa nao mtakuwa watano.”

“Nitakaa,” alisema Profesa. “Nina nafasi.”

Alikwenda kweli. Kikao kilifanyika siku ya Jumatano katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na thermosi ya chai. Wajumbe wanne walimsalimia Profesa kwa furaha, mmoja akamwambia amepungua. Bi Sahani alikaa kwenye kiti cha nje, mgongo ukutani, na kichupa cha mdogo wake akiwa amekibeba ndani ya kopo la barafu ili ruhusa ikitoka kisiwe na safari ndefu hadi wodini. Kupitia mlangoni alisikia akidi ikihesabiwa: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Alisimama.

Kisha akasikia sauti ya mwanasheria. Mwanasheria hakuwa mtu mbaya. Alisoma tu. Mjumbe marehemu, alisema, hazuiwi popote kuhudhuria kikao, na posho ya chai anastahili. Lakini hawezi kuhesabiwa katika uamuzi unaowahusu watu walio hai, kwa kuwa hana maslahi nao. Kama kungekuwa na ajenda ya marehemu, angeweza hata kuwa mwenyekiti.

“Ipo ajenda ya marehemu?” aliuliza mwenyekiti.

Haikuwepo. Waliandika kwamba akidi haikutimia.

Profesa alitoka wa mwisho. Alisimama mbele ya Bi Sahani, akaliangalia kopo la barafu.

“Samahani, mwanangu,” alisema. “Mwongozo ule tuliuandika sisi. Wakati ule tuliogopa watu wasije wakageuzwa panya wa majaribio. Hatukufikiria kwamba mtu anaweza kufa kwa kungoja.”

“Sasa mnafikiria?”

“Mimi nafikiria,” alisema Profesa, “ila mimi nimeshakufa.”

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, wakati wa kuwaona wagonjwa, Bi Sahani alipanda wodini na kichupa ndani ya mfuko wa koti lake jeupe, na sindano tupu kwenye mfuko wa pili. Hakuwa amemwambia mtu. Mdogo wake alikuwa na homa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho yamekuwa makubwa, na kwa mara ya kwanza hakusema usaha una rangi gani.

“Shikamoo, dada,” alisema. “Foleni ya huko chini ikoje?”

“Marahaba. Ndefu.”

“Nikija mimi nitapewa namba ya mbele, au hamna kujuana?”

“Acha utani wa kijinga.”

“Sio utani, nauliza utaratibu.”

Alitoa mkono mfukoni. Kichupa kilikuwa kimepata joto la mwili wake. Sista wa zamu, mwanamke mnene aliyefanya kazi wodi ile miaka kumi na sita, alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ameshika faili. Alikiangalia kichupa. Hakupiga kelele.

“Huyo wa kabla yako alifanya hivyo hivyo,” alisema kwa sauti ya chini. “Unamkumbuka?”

Bi Sahani alimkumbuka. Mtangulizi wake alimpa mlaji mama mmoja wa kitanda cha tatu bila ruhusa. Yule mama alipona, akaenda nyumbani kwa miguu yake. Mtaalamu alifukuzwa kazi, maabara ikafungwa kwa uchunguzi miezi kumi na moja, walaji wote waliokuwa kwenye friji wakamwagwa.

“Wodi hii ina watu ishirini na wawili,” alisema Sista. “Siku barua ikija, dawa yao iko kwenye friji yako. Ukimpa huyu leo, kesho friji inafungwa kwa kufuli. Sikuzuii. Mimi nitageuka niangalie dirisha. Nakwambia tu, ili usije ukasema hukuambiwa.”

Akageuka, akaangalia dirisha.

Kwenye kitanda cha pembeni alilala binti wa miaka kumi na tisa mwenye kidonda cha moto. Mlaji wake alipatikana wiki mbili nyuma. Aliyefuata alikuwa mzee mwenye kidonda cha kisukari, naye mlaji wake alikuwepo. Bi Sahani aliwajua wote kwa namba. Alisimama pale kwa muda ambao chupa ya dripu ilishuka kipimo kimoja.

“Dada,” alisema mdogo wake. “Rudisha.”

“Unajua ni nini?”

“Nakujua wewe. Ukishika kitu cha wizi masikio yanakuwa mekundu. Tangu utotoni. Rudisha, barua itakuja. Mama atamtegemea nani ukifukuzwa, mimi huyu?”

Alirudisha mkono mfukoni. Akashuka ngazi, akapita jengo la kufulia, akakiweka kichupa kwenye friji. Marehemu tisa, waliowahi siku hiyo, walikuwa wameshafika kwenye benchi, wakamwamkia kwa pamoja.

Fundi rangi alifariki Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi wa sita, asubuhi, wakati Sista anambadilisha bandeji. Walimzika Ijumaa. Mama yao hakulia kwa sauti. Alishika pembe ya mtandio wake mdomoni mpaka watu wakaisha. Bi Sahani alipewa siku mbili za msiba. Jumanne alirudi kazini. Saa nane mchana alifungua mlango, na mdogo wake alikuwa wa tatu kwenye benchi la kwanza, kadi ya kijivu mkononi.

“Shikamoo, dada,” alisema. “Nimelala wodini miezi minne mnanipita mlangoni. Nimekufa siku tano tu, nimeshapata namba.”

“Marahaba,” alisema Bi Sahani. Aliwahudumia wawili wa mbele kwanza, kwa sababu walitangulia. Mikono yake ilifanya kazi yake sawasawa. Ilipofika zamu ya mdogo wake alipiga magoti kwenye saruji, akafungua bandeji ambayo Sista hakuwahi kumaliza kuifunga, akavuta walaji kwa sindano, akawaingiza kwenye tundu taratibu mpaka wakafika kwenye chuma.

“Baridi,” alisema yeye.

“Wametoka kwenye friji.”

“Wanauma?”

“Wewe hawakuumi.”

Siku ya pili usaha ulipungua. Siku ya tatu ulikauka. Hakukuwa na mgonjwa aliyepona upesi kama yule, wala mlaji aliyefanya kazi yake safi vile.

Siku ya nne mama yao alikuja, kwa kuwa karani alimwambia siku hiyo ndiyo ya kufungua bandeji. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea. Aliwasalimia marehemu wote kwenye benchi, mmoja mmoja, akakaa karibu na mwanawe. Bi Sahani alifungua. Tundu halikuwepo. Palikuwa na kovu dogo, jipya, linang’aa. Mama aliupakata mguu, akapitisha kiganja kuanzia goti hadi kwenye kisigino, akarudia.

“Umepona,” alisema.

“Nimepona, mama.”

Aliendelea kuupapasa mguu. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu, “Dawa hii mliipata lini?”

Bi Sahani angeweza kusema hajui. “Tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu,” alisema.

“Mwezi wa tatu.”

“Ndiyo, mama.”

“Ikawa wapi?”

“Hapo. Kwenye friji.”

Mama aliitazama friji. Ilikuwa friji ya kawaida, nyeupe, mlango wake umefungwa kwa mpira kwa sababu kitasa kilikatika. Hatua sita kutoka kwenye benchi. Mtu angeweza kuifikia hata kwa mguu mbovu.

“Mama, usimfokee dada,” alisema fundi rangi. “Yeye ndiye aliyeitafuta.”

“Sijamfokea,” alisema mama.

Na kweli hakuwa amemfokea. Alimvisha mwanawe soksi, kwanza mguu wa kulia, halafu ule uliopona, akamfunga kamba za viatu. Walisimama. Fundi alimpa mama mkono kwenye ngazi ya mlangoni, maana magoti ya mama siku hizi yalikuwa hayamshiki vizuri, wakatoka pamoja kupitia kufulia, mmoja anakwenda nyumbani. Bi Sahani aliwafuata kwa macho hadi walipopotea nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Aliingia katikati ya mashuka hayo, akalia akiwa amesimama, uso kwenye kitambaa kibichi, kwa muda wa dakika kama nne. Kisha akanawa, akavaa glavu nyingine, akarudi, kwa sababu walikuwa wamebaki sita na walikuwa na subira sana.

Mwezi wa saba mwanzoni kamati ilikaa. Walikuja wanne. Walinywa chai, wakaandika kwamba akidi haikutimia, wakampongeza Bi Sahani kwa maandishi kwa kazi nzuri. Wiki hiyo hiyo alifika kwenye benchi binti wa miaka kumi na tisa mwenye kidonda cha moto. Alikuwa mgeni wa mambo yale, akauliza kama itamchukua muda mrefu.

“Hapana,” alisema Bi Sahani, akinyoosha mkono kwenye friji. “Yako iko tayari siku nyingi.”